Wiki Moja Juu ya Pikipiki ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Pikipiki yangu imenoki. Nyekundu, ndivyo ninavyoiita, miaka kumi na moja tuko pamoja, imezimika asubuhi hii katikati ya makutano ya barabara nne na haikuwaka tena. Madereva wamenipigia honi. Mmoja ameniuliza kama nimepanga hapo.

Nimeisukuma hadi kwa fundi. Fundi ameifungua, akachovya kidole kwenye injini, akakinusa, akaniuliza hii ni oili gani. Nilikuwa nimetengeneza mchanganyiko wangu mwenyewe: oili kidogo, mafuta ya kupikia kidogo. Ulikuwa mpango wa kubana matumizi, na kwa wiki mbili ulifanya kazi vizuri kabisa, ukiacha ile harufu ya jikoni. Fundi anasema injini lazima ishushwe. Wiki nzima.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Niandike vizuri, ili wajukuu wangu wakija kusoma waelewe. Bosi wangu anatengeneza meno ya bandia. Anayachonga kwenye karakana yake, vumbi jeupe hadi kwenye kope, na sisi wasambazaji wawili tunayapeleka kwenye zahanati kwa pikipiki. Sasa hospitali kubwa ya mlimani inataka kuchukua meno kwetu kila wiki. Jumamosi bosi anamtangaza Msambazaji Mkuu. Huyo ndiye atakayepewa hospitali. Atapata jaketi lenye cheo mgongoni, na meza yenye droo inayofungwa kwa ufunguo. Mimi sijawahi kuwa na droo.

Mshindani wangu ni mmoja tu, Taratibu. Ana skuta ya kijivu. Hajawahi kumpita mtu yeyote barabarani, hata mwenye baiskeli. Husema haraka haraka haina baraka. Husema hivyo kila siku, bila kuulizwa.

Kuna jambo dogo. Nimeshamwambia mke wangu kwamba cheo nimepata. Nilimwambia wiki iliyopita, kwa kujiamini tu. Mke wangu akawaambia dada zake. Dada zake wana midomo. Jirani wa mlango wa pili ameshaniita Mheshimiwa mara mbili. Nikikosa Jumamosi nitahama mtaa. Sitanii.

Jioni mke wangu ameingia na habari njema: mama yake amekubali kuniazima pikipiki yake. Mama mkwe! Nimejifanya nimefurahi.


Jumanne, 5 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwa mama mkwe. Nikampa shikamoo yake, mikono nyuma, kichwa chini. Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Miaka ishirini na miwili alizunguka na pikipiki hiyo kuzalisha watu, kwenye tope, kwenye mvua, na hakuanguka hata mara moja. Hilo hulisema mwenyewe. Pikipiki ni ndefu kupita kiasi. Nimeipa jina papo hapo: Twiga. Tandiko lake linanifika kiunoni, na mimi, ingawa sipendi kuliandika hili, si mrefu.

Alinipa masharti. Isilale nje ya ua wake. Kila jioni saa kumi na mbili iwe imerudi. Mtu mwingine asiipande. Na nikikuta kitu nisichokielewa niulize, maana kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini kuulizwa ndiyo heshima.

Halafu akasema ana nusu saa. Tuzunguke uwanja wa mpira pamoja, anionyeshe tabia zake, kwa sababu gia zake haziendi kama za pikipiki yangu. Nikamwambia kwa adabu asijisumbue, mimi nina miaka kumi na moja barabarani. Akaniangalia. Akasema haya, mwanangu. Namna alivyolitamka lile "mwanangu" haikunipendeza.

Sasa gia. Hapa ndipo nilipoonewa. Kwenye Nyekundu gia zote zinakwenda chini. Unakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, moja. Unakanyaga, mbili. Unakanyaga, tatu. Akili ya kawaida. Kwenye Twiga, moja iko chini, na nyingine zote ziko juu: unaingiza vidole chini ya pedali na kuinua. Mguu wangu wa kushoto haukupewa taarifa. Nikatoka getini na moja, nikakanyaga kutafuta mbili. Hakuna. Nikakanyaga tena. Hakuna! Injini inapiga mayowe, kuku wa jirani wanaruka ua, na mama mkwe amesimama getini na kikombe chake cha chai, anatazama. Nikampungia mkono, kana kwamba ndivyo nilivyokusudia.

Mtaa wa pili nikaigundua siri. Nikainua, mbili. Nikainua, tatu! Nikafurahi mno, na furaha ikanisahaulisha. Karibu na soko nikataka nne, mguu ukafuata mazoea yake, ukakanyaga. Ikarudi mbili, kwa ghafla, kwa hasira. Sanduku la meno likanipiga mgongoni na kifuniko kikaruka. Seti tatu zikatoka kwenye vikopo vyake na kulala lamini zikinichekea. Vikopo vina majina. Meno hayana. Nimeyapanga kwa kukisia. Yale makubwa nimempa mwenye jina refu.

Kisha miguu. Miguu yangu haifiki chini. Kila nikisimama kwenye taa lazima nipate ukingo wa barabara, au nguzo, au mtu mwenye subira. Leo nilipata lori. Nikaliegemea vizuri kabisa. Taa ilipowaka kijani, lori likaondoka. Sitaandika zaidi.

Saa tisa muuguzi wa zahanati moja alipiga simu karakana. Kuna mzee amepewa meno yanayomfanya acheke hata akiwa amenuna, na alikuwa anaelekea msibani. Bosi akaniita. Akasema, Mipango (ndivyo wanavyoniita kazini, kwa kuwa sikosi mipango), kosa moja zaidi kama hili na hospitali nampa mwenzako. Mwenzangu alikuwepo, anaifuta skuta yake kwa kitambaa laini. Akanitazama kwa huruma. Ile huruma iliniuma kuliko lori.


Jumatano, 6 Machi

Mpango! Umenijia nikipiga mswaki. Kama pikipiki haishuki, basi nipande mimi.

Fundi viatu aliye karibu na karakana amenibandikia soli za tairi la gari, tabaka mbili kila kiatu. Akauliza ni za nini. Nikamwambia ni siri ya kikazi. Nikazivaa palepale. Dunia ni nyingine kabisa ukiitazama kutoka juu kidogo! Kwenye taa za kwanza miguu yote miwili ilikanyaga lami, imara. Nikamtazama dereva wa basi machoni. Yeye ndiye aliyetazama pembeni kwanza.

Kosa lenyewe ni dogo na mtu yeyote angelifanya. Gia za Twiga unaziinua kwa kuingiza vidole chini ya pedali. Kiatu chenye tabaka mbili za tairi hakiingii chini ya pedali. Nilikuwa nimeshaweka moja. Moja ikabaki moja.

Nimefanya kazi siku nzima kwa gia ya kwanza. Zahanati tano. Ningeweza kuvua kiatu, lakini mtu anayetarajia cheo hasambazi meno akiwa na soksi. Injini inalia, mimi nimenyoosha mgongo, watembea kwa miguu wanageuka kuangalia kelele ile kubwa inatoka wapi na mbona haifiki.

Saa saba mchana Taratibu amenipita. Taratibu! Aliwasha indiketa kwanza. Akaangalia nyuma mara mbili, barabara ikiwa tupu. Akaanza kunipita polepole kiasi kwamba tulipata nafasi ya kusalimiana na kuulizana hali za nyumbani. Mkewe hajambo. Alipofika mbele akainua mkono kuniomba radhi. Ndiyo mara yake ya kwanza kumpita mtu tangu azaliwe. Nimeambiwa alipofika karakana mikono ilikuwa inamtetemeka, wakampa maji ya sukari.

Twiga nimeirudisha saa moja kasorobo badala ya saa kumi na mbili. Mama mkwe akaigusa injini, akaondoa kidole upesi. Akaniuliza kama leo nilikuwa nalima nayo. Kisha akaangalia viatu vyangu kwa muda. Akasema nusu saa ile bado ipo. Nikamwambia tunazoeana taratibu, mimi naizoea nayo inanizoea. Akasema pikipiki haina shida ya kumzoea mtu.

Nyumbani mke wangu ameniambia dada zake wote watatu wanakuja Jumamosi kuliona jaketi. Nimepoteza hamu ya kula. Nimekula, lakini bila hamu.


Alhamisi, 7 Machi

Soli nimezing'oa. Fundi viatu amezichukua, anasema atambandikia mtoto wake anayetaka kuingia jeshini.

Badala yake nimeandika kwenye karatasi kwa kalamu nene: MOJA CHINI, NYINGINE JUU, nikaibandika karatasi hiyo juu ya tenki la mafuta, mbele ya macho yangu. Mpango mzuri, kama barabara nayo ingekuwa juu ya tenki. Nimesoma vizuri, nimeinua vizuri, na nimeingia vizuri kwenye rundo la mchanga la watu wanaojenga. Mafundi uashi wamenitoa. Mmoja akasema mchanga umeshatosha, wanachosubiri ni kokoto. Meno yako salama; kila kikopo nilikifunga kwa raba. Nani anasema mimi sijifunzi?

Nikakaa juu ya rundo na kutafakari. Mguu una miaka kumi na moja ya mazoea. Mguu haubadiliki. Basi ibadilike pikipiki!

Nikaenda kwa fundi. Nyekundu yangu ilikuwa juu ya meza yake vipande vipande, nikageuza uso. Nikamweleza shida. Fundi akasema ni jambo dogo. Kati ya pedali na gia kuna kifimbo cha chuma. Ukikifungua na kukigeuza upande wa pili, kila kitu kinapinduka. Moja inakuwa juu, nyingine zote chini. Nati moja tu, spana namba kumi. Akaniuliza kama mwenye pikipiki anajua. Nikamwambia pikipiki ni ya mama yangu. Si uongo. Mama mkwe ni mama.

Dakika tano! Nikaijaribu hadi sokoni na kurudi. Unainua mara moja tu kupata moja, basi. Baada ya hapo kanyaga, mbili. Kanyaga, tatu. Kanyaga, nne! Nilikaribia kulia, na sioni aibu kusema. Mguu wangu umerudi nyumbani.

Jumapili asubuhi fundi ataigeuza tena kama ilivyokuwa, nami nitairudisha kwa shukrani nyingi. Mama mkwe haipandi siku hizi. Goti linamsumbua; tangu mwaka jana anaiwasha tu uani, inanguruma dakika chache, anaizima. Hakuna atakayejua. Sijawahi kuwa na mpango usio na tundu kama huu.


Ijumaa, 8 Machi

Zahanati nane kabla ya saa sita mchana! Hakuna lori, hakuna mchanga, hakuna meno ya mtu kwenye mdomo wa mtu. Kuhusu miguu, nimechora ramani ya kingo zote za barabara zilizoinuka vya kutosha, na napita njia za kingo tu. Ni mbali zaidi, lakini nasimama kama mfalme.

Bosi amesema, mbele ya Taratibu, kwamba leo nimefanya kazi kama mtu. Halafu akasema kesho saa tatu kamili mkuu wa wauguzi wa hospitali ya mlimani anapokea seti kumi na nne za kwanza getini. Bosi mwenyewe atakuwepo. Na mpelekaji ni mimi! Nikifika kwa wakati na meno yakiwa kamili, jaketi atanivalisha palepale, mbele ya watu. Taratibu abaki wa akiba. Taratibu akanipa mkono wa pongezi. Bado unatetemeka kidogo. Nikamwambia asivunjike moyo, nitamkumbuka nikiwa na droo.

Jioni niliingia uani kwa mama mkwe kwa madaha, nikishusha gia moja moja, laini. Alikuwa kibarazani anachambua mchele. Akainua kichwa. Akasema leo gia zinaingia vizuri. Nikamwambia wengine tunajifunza wenyewe. Akasema kuna mlio mdogo anausikia ambao haujui. Nikasema mimi sisikii kitu. Akasema wiki hii goti limepata nafuu sana.

Nimempongeza.


Jumamosi, 9 Machi

Naandika haya nikiwa chooni nyumbani kwangu, mlango nimefunga kwa komeo. Shemeji zangu wote watatu wako sebuleni.

Saa moja na nusu asubuhi nilifika uani na sanduku la seti kumi na nne. Mama mkwe alikuwa amevaa helmeti. Alikuwa juu ya Twiga. Akasema nisubiri azunguke nayo kidogo, ule mlio wa jana umemkosesha raha.

Nilijaribu kila kitu. Nikamwambia mvua inakuja. Anga lilikuwa jeupe pee. Nikamkumbusha goti. Akasema goti lake analijua yeye. Nikamwambia meno yanachelewa. Akasema meno hayawezi kwenda popote bila midomo.

Akapiga kiki. Akakanyaga kuweka moja, kama alivyokanyaga miaka ishirini na miwili. Ikaingia mbili. Pikipiki ikatetemeka, ikazima. Akaiwasha tena, safari hii akaipa mafuta zaidi, ikaondoka kwa manung'uniko. Akainua mguu kutafuta mbili. Ikaingia moja. Loo! Tairi la nyuma likalia, Twiga ikarukaruka moja kwa moja kuelekea ukutani, na mimi nikafumba macho. Nilijiambia: nimemuua mama wa mke wangu. Sijawahi kuogopa vile maishani. Nikajikuta nimekaa juu ya sanduku la meno.

Nilipofumbua macho, Twiga ilikuwa imesimama, urefu wa mkono mmoja tu kutoka ukutani. Mama mkwe alikuwa ameminya klachi kwa mkono wa kushoto kukata nguvu za injini, breki kwa mkono wa kulia, na mguu mmoja chini, ule wa goti bovu. Hakuanguka. Hata leo hakuanguka.

Akainama, akaitazama pedali muda mrefu. Nikasema huo ndio mlio ambao hata mimi nimekuwa nikiusikia. Akaingia ndani akatoka na spana namba kumi. Ana spana yake! Akapiga goti, akafungua, akageuza, akafunga. Dakika nne. Fundi alitumia tano. Akajipangusa mikono na kusema kumuuliza kungenigharimu nusu saa, na kutomuuliza nusura kumgharimu shingo yake. Nilitaka ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, ua wake umesakafiwa.

Hapo nikamwaga yote. Jaketi. Droo. Kwamba nilimwambia binti yake nimepata kabla ya kupata. Kwamba saa mbili na robo imeshagonga, na siwezi kuiendesha pikipiki hii ilivyo, sikuwahi kuiweza. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, jinsi nadhani alivyokuwa akisikiliza wenye uchungu. Kisha akasema, panda nyuma.

Nimepanda mlima wa hospitali nyuma ya mama mkwe, nimepakata sanduku, nimeshika koti lake. Mlima una kona saba. Kila kona nilipiga kelele "Mama!" Kona mbili za kwanza aliitika. Baadaye akaelewa kwamba simwiti yeye.

Saa tatu kasoro dakika sita tuliingia getini. Bosi na mkuu wa wauguzi wamesimama. Seti kumi na nne, kamili, hakuna hata jino lililopinda. Nikashuka, nikakohoa, nikaanza hotuba niliyoiandaa. Mkuu wa wauguzi akanipita. Akaenda kumkumbatia mama mkwe, na machozi juu! Kumbe alifundishwa ukunga naye. Nusu ya wauguzi wa pale walifundishwa naye. Wakatoka wodini wakapanga foleni kumpa shikamoo, na mimi nikasukumwa mpaka kwenye maua. Mkuu wa wauguzi akamwambia bosi kwamba kama huyu ndiye analeta meno, basi hata zile zahanati tatu zilizo chini ya hospitali zitachukua kwetu.

Bosi akaitazama pikipiki. Akamtazama mama mkwe. Akanitazama mimi, kwa muda mfupi zaidi. Mama mkwe akasema yeye amestaafu, na ana goti. Bosi akamwambia kuna meza yenye droo. Mama mkwe akauliza kama droo ina ufunguo.

Jaketi limemkaa utadhani lilishonwa akiwa amesimama hapo.

Shemeji zangu walikuja kuliona jaketi, na wameliona. Liko sebuleni sasa hivi, mama yao amelivaa, anapokea pongezi. Sikia vigelegele. Mke wangu amegonga mlango wa choo. Hakunifokea. Ameniuliza kwa sauti ya chini kama natoka au aniletee chakula huku. Afadhali angefoka. Nimemwambia nakuja, kuna jambo namalizia kufikiri.


Jumapili, 10 Machi

Fundi anasema Nyekundu bado. Mafuta ya kupikia yameganda mahali fulani ambapo hata yeye hakujua kama pana nafasi. Wiki nyingine.

Msambazaji Mkuu amefika asubuhi kumjulia hali binti yake na kutoa amri yake ya kwanza. Hospitali ni yake, kuanzia mzigo wa kesho. Mimi nibaki na zahanati za mjini, kwa miguu, mpaka pikipiki yangu ipone. Amesema kwa upole, mwanangu. Nikaitika ndiyo, Mama. Lakini mtu mzima huwezi kumzuia kwa upole.

Nimekaa, nimepima mambo yote ya wiki hii bila kujipendelea, na nimeona kosa liko wapi. Kosa ni gia. Ukiondoa gia, wiki nzima sikukosea kitu.

Nimekwenda kwa Taratibu. Amepewa ruhusa ya wiki nzima, mikono bado haijatulia. Skuta yake imekaa bure! Haina gia hata moja. Haina pedali. Nimeikalia: miguu yote miwili chini, magoti yamekunjika kwa nafasi. Hatimaye chombo kilichotengenezwa na watu wenye akili. Amekubali kuniazima. Nimeshampitia bosi nyumbani kwake na kuchukua ufunguo wa karakana, nimemwambia nataka kufagia mapema. Kesho saa moja, kabla Msambazaji Mkuu hajamaliza chai yake, nitakuwa nimeshafikisha meno ya hospitali na ninateremka zile kona saba, na mkuu wa wauguzi ataona mwenyewe nani anastahili droo.

Taratibu alinifuata hadi barabarani akitaka kunieleza mambo ya skuta. Eti kile cha mkono wa kushoto si klachi, ni breki, na kwamba nianze kwanza pale uani kwake. Nimemwambia arudi ndani akapumzike. Mkono wa kushoto ninao tangu kuzaliwa.